Kabla ya Kushusha Gia Boksi

Magari mengi yaliyotumika yanayoshuka leo katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa hayana pedeli ya klachi. Yametoka Japani, usukani uko kulia kama barabara zetu zinavyotaka, na mengine bado yana sauti ya mwanamke inayomsemesha dereva Kijapani kila anapowasha injini. Unaweka D, unaachia breki, gari linaondoka. Kinachotokea kati ya injini na magurudumu si kazi yako tena.

Mpaka siku gari linapokataa. Dereva wa manyuo huwa na fununu ya ugonjwa, kwa kuwa mguu wake wa kushoto na mkono wake vilishiriki kazi. Anajua klachi imekuwa laini, anajua gia ya pili inaingia kwa mabavu. Dereva wa otomatiki ana maneno machache tu: halivuti, linateleza, linapiga teke. Analipeleka gereji na maneno hayo, na mara nyingi anarudi na hukumu fupi: gia boksi imekufa, tafuta nyingine.

Kwa muda sasa nimekuwa nikisoma historia ya mtambo huu nikiwa na swali dogo. Watu walijifunzaje kujua kilichoharibika ndani ya sanduku la chuma lililofungwa, bila kulifungua? Jibu linapita kwenye kiwanda cha meli cha Kijerumani, kwenye vifaru vya vita, kwenye kichwa cha nyangumi na kwenye moshi wa California. Mwisho wake unagusa pochi za watu ninaowajua.

*

Mwaka 1905 mhandisi Mjerumani Hermann Föttinger, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha meli cha Vulcan mjini Stettin, alisajili hataza ya kifaa cha kutatua tatizo la melini. Turbini ya mvuke hufanya kazi vizuri ikizunguka kwa kasi kubwa. Pangaboi la meli hufanya kazi vizuri likizunguka polepole. Föttinger aliviunganisha kwa kimiminika.

Ili kuelewa, weka feni mbili za mezani zitazamane. Washa moja. Upepo wake utaanza kuizungusha ya pili, hata kama haijachomekwa kwenye umeme. Weka kimiminika badala ya upepo, zifungie feni zote mbili ndani ya chungu kimoja, na sasa una njia ya kupitisha nguvu bila chuma kugusana na chuma. Föttinger aliongeza gurudumu la tatu katikati, linalokielekeza kimiminika kinaporudi kiwe kinasukuma badala ya kupinga, na hapo nguvu ya mzunguko ikaongezeka. Kifaa hicho ndicho mafundi wetu wanachokiita konveta. Kwa sababu yake gari la otomatiki linaweza kusimama kwenye taa za Ubungo injini ikiunguruma na D ikiwa imewekwa, bila kuzima.

Tayari hapa kuna ugumu kwa mchunguzi. Katika gari la manyuo, klachi ikiteleza ni ugonjwa. Katika otomatiki, kuteleza kidogo ni sehemu ya kazi, na kuteleza kupita kiasi ni dalili. Fundi anahitaji njia ya kutofautisha viwili hivyo.

Nusu ya pili ya mtambo ni gia za sayari: gia moja katikati kama jua, ndogo kadhaa zinazoizunguka, na pete kubwa yenye meno kwa ndani iliyozizingira zote. Meno hayachomoki hata mara moja. Unachofanya ni kuzuia sehemu moja isizunguke, na zilizobaki zinapata uwiano mpya wa mwendo. Ford Model T ya mwaka 1908 ilitumia gia za namna hii. Dereva alikanyaga pedeli, mkanda ukakaba ngoma inayozunguka, gia ikapatikana. Mkanda ulipolika, mwenyewe alifungua kifuniko na kuukaza. Ugonjwa ulikuwa karibu na mguu wa mgonjwa.

Aliyeondoa mguu huo alikuwa Earl Thompson, mhandisi wa Marekani ambaye awali alibuni njia ya kuingiza gia za manyuo bila kelele, iliyotumika kwanza na Cadillac mwishoni mwa miaka ya 1920. Kikosi alichokiongoza ndani ya General Motors kilitengeneza Hydra-Matic. Ilitangazwa mwaka 1939 na kuuzwa katika Oldsmobile za mwaka 1940 kama nyongeza ya dola 57. Ilikuwa na gia nne, na dereva hakuwa na pedeli ya klachi wala haja ya kuchagua gia ya kwanza, ya pili au ya tatu.

Nani basi alichagua? Oili. Ndani ya gia boksi kulikuwa na gavana, kifaa kilichozunguka pamoja na shafti ya kutokea. Gari lilivyoongeza mwendo, presha ya oili kutoka kwenye gavana ilipanda. Upande wa pili kulikuwa na presha nyingine, iliyopanda kadiri dereva alivyokanyaga mafuta. Presha hizi mbili zilisukumana kwenye ncha mbili za kipande kidogo cha chuma kinachoteleza ndani ya tundu, yaani vali. Gavana akishinda, gia inapanda. Ukikanyaga mafuta kwa nguvu, gavana anachelewa kushinda, na gari linabaki kwenye gia nzito muda mrefu zaidi. Uamuzi wote ulifanywa na oili, bila waya hata mmoja.

Vita vikaja kabla mtambo haujazoeleka. Jeshi la Marekani likaziweka Hydra-Matic mbili katika kila kifaru chepesi cha M5, kilichosukumwa na injini mbili za Cadillac, na baadaye katika M24. Kijana aliyetoka shambani angeweza kufundishwa kuendesha kifaru haraka zaidi asipohitaji kujifunza klachi. Lakini nyuma ya kila dereva aliyerahisishiwa kazi alihitajika fundi ambaye kazi yake imekuwa ngumu zaidi. Mgawanyo huo haujabadilika hadi leo.

*

Fundi wa miaka ya 1950 hakuwa na skrini. Alikuwa na geji ya presha, kitambaa cheupe, pua yake na jedwali. Kati ya hivyo vyote, jedwali ndilo lililonivutia zaidi.

Kila gia boksi ya otomatiki ina jedwali linaloonyesha klachi ipi na mkanda upi vinakamata katika gia ipi. Chukua familia moja ya gia boksi za Toyota za gia nne. Klachi moja inakamata katika gia zote za mbele. Nyingine inakamata katika gia ya tatu, ya nne na ya kurudi nyuma. Sasa gari linaletwa: gia ya kwanza safi, ya pili safi, ya tatu linateleza, na rivasi linateleza pia. Asiye na jedwali anaona matatizo mawili yasiyohusiana. Mwenye jedwali anatafuta kinachofanya kazi katika gia zote mbili mbovu na kisichofanya kazi katika gia nzima, na anafika kwenye klachi moja kabla hajashika spana.

Kisha kuna jaribio la kulikaba gari. Unaweka vizuizi kwenye magurudumu, unavuta breki ya mkono, unakanyaga breki ya mguu kwa nguvu zote, unaweka D na kukanyaga mafuta hadi mwisho. Magurudumu hayazunguki, kwa hiyo feni ya pili ya konveta imekwama na ya kwanza inajaribu kuisukuma. Unasoma mizunguko ya injini. Ikipanda kupita kipimo cha kitabu, kuna klachi inayoteleza au presha ni ndogo. Isipofika kipimo, injini yenyewe ni dhaifu, au gurudumu la tatu ndani ya konveta limeharibika. Vitabu vya mafundi vinaonya jaribio lisizidi sekunde 5, maana nguvu yote ya injini wakati huo inageuka kuwa joto ndani ya oili. Si jaribio la kufanyia mtaani watoto wakiwa wamesimama mbele ya gari.

Lipo na jaribio lisilo na vurugu. Gari likiwa limesimama na injini ina moto, hamisha mkono wa gia kutoka N kwenda D, uhesabu muda mpaka usikie mtikisiko mdogo wa klachi kukamata. Vitabu vya Toyota vilitoa kikomo cha sekunde 1.2 kwa D na sekunde 1.5 kwa R. Ikichelewa, presha ni ndogo au klachi imelika. Kifaa kinachohitajika ni saa.

Ninapoyasoma majaribio haya naona kitu kinachofanana na kazi ya wakili au daktari wa zamani. Hakuna hata moja linalotoa jibu peke yake. Kila moja linapunguza watuhumiwa. Na yote yana sharti moja la kutangulia: angalia oili kwanza.

*

Oili ya gia boksi ya otomatiki inabeba kazi nyingi kuliko oili nyingine yoyote garini. Inapitisha nguvu kwenye konveta, inasukuma vali, inapoza, inalainisha, na juu ya hayo inatakiwa iruhusu klachi zikamate. Kulainisha na kukamata ni kazi zinazopingana. Siri ipo kwenye viungo vinavyochanganywa humo.

General Motors ilitoa kiwango chake cha Type A mwaka 1949 ili oili za makampuni mbalimbali ziweze kutumika bila hofu. Kwa miaka mingi kimojawapo cha viungo vilivyoifanya klachi ikamate kwa upole kilitokana na mafuta ya nyangumi, yule mwenye kichwa kikubwa kama sanduku, wa jamii moja na nyangumi mweupe wa riwaya ya Moby-Dick. Watu walidhani biashara ya nyangumi ilikufa na taa za mafuta. Kumbe nyangumi alikuwa bado anazunguka barabarani Marekani, ndani ya gia boksi. Mwaka 1970 serikali ya Marekani ilimwingiza katika orodha ya viumbe walio hatarini, na wakemia wakalazimika kutafuta mbadala. Hata mbegu za jojoba, mmea wa jangwani, zilichunguzwa.

Hapo ndipo inapoeleweka kwa nini oili isiyo sahihi ni sumu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Ford ilikuwa na oili yake ya Type F na General Motors ilikuwa na Dexron. Zote nyekundu. Ya Ford ilitengenezwa klachi ikamate kwa ukali. Ya General Motors ilitengenezwa ikamate kwa ulaini. Ukizibadilishana, gia zinapiga teke au zinateleza, na dereva anaambiwa gia boksi ina ugonjwa wakati kilichoharibika ni chaguo la dukani. Rangi nyekundu iliwekwa ili uvujaji utambulike usichanganywe na oili ya injini. Haijawahi kumaanisha kwamba kila chekundu ni kimoja.

Oili husema mambo mengine pia. Nyekundu inayong'aa ina afya. Kahawia nyeusi yenye harufu ya kuungua ni klachi zilizopikwa kwa joto. Ikiwa na rangi ya maziwa ya stroberi, maji yameingia: gia boksi nyingi hupozwa kwa bomba linalopita ndani ya rejeta, na bomba hilo likitoboka kwa kutu, maji na oili vinakutana. Katika miji yetu, ambako rejeta nyingi hujazwa maji ya bomba tu, rangi hiyo inafaa kujulikana na kila dereva.

Swali linalofuata oili ni gia boksi ipi hasa iliyomo. Tarehe 12 Agosti 1953 kiwanda cha Hydra-Matic cha Livonia, Michigan, kiliteketea baada ya cheche za tochi ya kukatia chuma kuwasha moto. Kwa kukosa gia boksi, baadhi ya Cadillac na Oldsmobile za mwaka huo zilitoka kiwandani na Dynaflow ya Buick, na Pontiac kadhaa zikatoka na Powerglide ya Chevrolet, mpaka uzalishaji wa Hydra-Matic ulipohamia Willow Run. Magari yalifanana kwa nje na yalitoka mwaka mmoja, lakini yalikuwa na mitambo tofauti kabisa tumboni. Fundi aliyefuata nembo ya bodi bila kutazama chini alikuwa akitibu mgonjwa mwingine. Hali hiyo ipo hapa kwetu kila siku: jina moja la gari, injini mbili au tatu tofauti, na gia boksi ambazo oili zake haziingiliani.

*

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Toyota ilianza kuuza gia boksi ambazo uamuzi wa kubadilisha gia umetolewa kwa kompyuta ndogo. Gavana akabadilishwa na sensa ya mwendo. Vali zikaanza kufunguliwa na solenoidi, koili za waya zinazovuta pini zikipata umeme. Oili ikabaki na misuli. Akili ikahamia kwenye waya.

Uchunguzi ukapata mlango mpya. Katika Toyota nyingi za miaka ya 1980 na 1990 fundi aliunganisha matundu mawili kwenye soketi ya uchunguzi kwa waya mfupi, hata pini ya karatasi, kisha akahesabu mimweko ya taa ya O/D OFF kwenye dashibodi. Mimweko 6, kituo, mimweko 2: namba 62, solenoidi ya kwanza. Gari lilikuwa limeanza kutaja maumivu yake lenyewe.

Lakini mfumo ulioenea duniani haukuzaliwa kwa ajili ya gia boksi. California ilikuwa ikipambana na hewa chafu ya Los Angeles, na ilitaka kila gari lijichunguze lisitoe moshi kupita kiasi. Toleo la pili la mfumo huo, OBD-II, lililazimishwa kwa magari yote mapya yaliyouzwa Marekani kuanzia ya mwaka 1996. Gia boksi iliingizwa humo kwa kuwa ikikosea, moshi unaongezeka. Ndiyo maana msimbo wa P0700 hausemi chochote zaidi ya kwamba kompyuta ya gia boksi ina malalamiko. Na msimbo kama P0753 unasema kuna hitilafu ya umeme katika mzunguko wa solenoidi A. Neno la kuzingatia hapo ni mzunguko. Solenoidi imo, waya umo, plagi imo, hata kompyuta imo.

*

Mwaka juzi shangazi yangu aliniomba nimsindikize gereji. Anaishi Mbagala, anapika chakula cha mchana na kukisambaza maofisini katikati ya jiji. Gari lake dogo la Kijapani, otomatiki ya gia nne, alilinunua kwa mkopo wa kikoba, na marejesho yalikuwa kila wiki. Asubuhi moja lilianza kuondoka kwa uzito, kama lori lililopakia saruji. Likishachanganya, lilikuwa sawa.

Gereji ya kwanza walichomeka mashine na ikatoa P0753. Wakasema gia boksi imekufa, wanayo nyingine kutoka Japani, na bei waliyotaja ilikaribia nusu ya alichonunulia gari. Shangazi alikuwa ameshaanza kuhesabu ni mwanakikundi gani angeweza kumdhamini tena.

Fundi wa pili alikuwa mzee wa makamo mwenye banda la mabati lisilo na bango. Kabla ya kufungua boneti alitaja bei ya kupima.

"Yaani nilipe kuambiwa tu?" shangazi akauliza.

"Unalipa nisishushe kisichohitaji kushushwa, mama."

Akaanza kwa maswali. Lilianza taratibu au kwa siku moja? Asubuhi likiwa baridi au baada ya foleni? Rivasi ikoje? Shangazi akajibu kwamba lilianza siku moja, ghafla, na rivasi haina neno. Mzee akachomoa kijiti cha oili, akakifuta kwenye karatasi nyeupe, akanusa, akanipa na mimi ninuse. Ilikuwa nyekundu, haikuungua. Akaendesha mzunguko mmoja wa mtaa. "Linaondokea gia ya tatu," akasema.

Kisha akafanya kitu nilichokuwa nimekisoma lakini sijawahi kukiona. Alichomoa plagi ya solenoidi, akaiondoa kompyuta katika mazungumzo. Katika gia boksi za aina ile, bila umeme kila nafasi ya mkono wa gia inatoa gia moja tu isiyobadilika, na L inatoa ya kwanza. Akaweka L, akakanyaga mafuta. Gari likaruka mbele hadi mahotpoti kwenye kiti cha nyuma yakagongana.

"Umeona, mdogo wangu? Gia ya kwanza ipo. Hakuna anayeiita."

Kwa jaribio hilo moja klachi, mikanda na pampu zilitoka katika orodha ya watuhumiwa. Ukabaki umeme. Akafuata nyaya kwa vidole kuanzia gia boksi hadi chini ya betri, na hapo akakuta mahali ambapo waya ulikuwa umesuguana na kipande cha bati mpaka ngozi ikatoka na shaba ikageuka kijani. Mita ikathibitisha. Alikata, akaunga, akafunga tepu, akausogeza waya mbali na bati. Shangazi aliwahi kupeleka chakula cha siku ya pili yake.

Msimbo ulikuwa umesema kweli tangu gereji ya kwanza. Mzunguko ulikuwa na hitilafu. Gereji ya kwanza haikudanganya kuhusu mashine. Iliruka hatua zote zilizopo kati ya msimbo na hukumu.

Nimejiuliza kwa nini hatua hizo zinarukwa, na sidhani kama ni suala la elimu peke yake. Gia boksi zilizotumika zinaingia kwa makontena na kupangwa madukani kama viatu vya mtumba. Kubadilisha kunachukua siku moja na kuna faida ya spea pamoja na ya kazi. Kufikiri kunachukua nusu siku na hakuna anayekubali kukulipia. Tumezoea kulipa kile tunachoweza kukishika. Shangazi alinung'unikia bei ya kupima kuliko alivyonung'unikia bei ya gia boksi, kwa sababu gia boksi angalau ingeonekana.

Isieleweke kwamba kila gia boksi inayohukumiwa ni waya uliochubuka. Oili ingekuwa nyeusi na yenye harufu ya kuungua, na L ingeteleza vilevile baada ya kuchomoa plagi, mzee yule angesema ishushwe, na angekuwa sahihi. Majaribio hayampendelei mteja. Yanampa sababu.

*

Majaribio nayo yanazeeka. Mwaka 1958 Hub van Doorne wa Uholanzi alileta DAF 600, gari lisilo na gia za kuhesabika: mikanda ya mpira ilipita juu ya puli zinazopanuka na kusinyaa, uwiano ukibadilika polepole bila kuruka. Baadaye kampuni yake ilitengeneza mkanda wa vipande vya chuma, na mkanda huo ukaingia katika magari ya Kijapani kuanzia Subaru Justy ya mwaka 1987. Leo magari mengi madogo yanayotua bandarini ni ya CVT, wajukuu wa wazo hilo.

Katika CVT, injini kupanda mizunguko na kubaki hapo huku mwendo ukifuata taratibu ni kawaida. Dereva aliyezoea otomatiki ya gia nne ataita kuteleza. Oili yake ni ya aina yake, na kuijaza oili ya kawaida ya otomatiki kunaua mkanda na puli. Magari mengi mapya pia yameondolewa kijiti cha kupimia. Kiwango cha oili kinapimwa kwa kufungua bolti chini ya gari, oili ikiwa katika joto maalumu. Jicho la dereva limetolewa kabisa katika uchunguzi.

Limebaki sikio lake, na kumbukumbu. Gari la umeme la kawaida lina uwiano mmoja tu wa gia, kwa hiyo huenda watoto wetu wasihitaji haya. Lakini magari huishi sana Afrika Mashariki, na otomatiki zilizopo barabarani leo zitakuwa zinazeeka mikononi mwetu kwa miaka mingi. Anayekwenda gereji na la kwake anaweza kuandika mambo machache kwenye simu kabla hajaondoka nyumbani: tatizo lilianza ghafla au taratibu, linatokea likiwa baridi au moto, katika gia ipi, rivasi ikoje, oili ilibadilishwa lini na ya aina gani. Fundi akiyauliza hayo, mlipe bei ya kupima bila kunung'unika. Asipoyauliza, muulize wewe amejuaje.